Kofia ya Shahidi

(Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Soweto, Moshi)



Waandaaji walipokuja kunialika walitarajia nitazungumzia mirathi. Hakimu mstaafu akialikwa kuzungumza hapa Moshi, watu hukaa tayari kusikia habari za vihamba vya ukoo, nani kazikwa wapi na nani kabaki na nyumba ya baba. Mirathi itasubiri. Leo nataka tuongee habari za kofia.

Nina jirani hapa Soweto, fundi mwashi, mtu wa swala tano. Wiki tatu zilizopita aliletewa samansi. Vifaa viliibwa saiti aliyokuwa anafanyia kazi, naye ni shahidi. Alikuja kwangu jioni na karatasi yake mkononi, nikadhani anataka kuuliza nauli ya shahidi inalipwa na nani, au wakili wa upande wa pili atamzungusha kwa maswali ya namna gani. Hakuuliza hayo. Aligusa kofia yake ya kiua kichwani, akasema: "Mama, na hii je? Binti yangu ananiambia mahakamani wanavua."

Nikamjibu upesi upesi, akaaga, akaenda zake. Usiku sikulala vizuri. Mimi hapa niliwahi kumvua mzee mmoja kofia yake.

Ilikuwa katika mahakama ya mwanzo huko mlimani, sitaitaja. Nilikuwa na miaka 28, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kwenye kiti. Kesi yenyewe ni wizi wa mbuzi wawili. Shahidi alikuwa mzee wa miaka kama 70, Muislamu, aliyekuwa akienda kuswali alfajiri akamwona mshitakiwa akishuka njiani na mbuzi. Aliingia amevaa koti zito juu ya kanzu, maana zilikuwa mvua za masika na mnajua baridi ya juu ilivyo, na kichwani kofia nyeupe iliyofuliwa mpaka imelainika. Nikamwambia avue. Hakimu aliyenifunda kazi alikuwa amenionya kwamba ukiruhusu kofia leo, kesho wataingia na sigara. Mzee akageuka kutazama nyuma yake, kana kwamba nasema na mtu mwingine. Kisha akaivua, akaikunja, akaitia mfuko wa koti.

Halafu akaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya upara wake. Nikamwambia ashushe mkono. Akashusha. Baada ya maswali mawili mkono ukarudi kichwani. Alitoa ushahidi wake wote akitazama sakafu, sauti chini, na pembeni ya ushahidi ule nikaandika kwa mkono wangu: "Shahidi ana wasiwasi, haitazami mahakama."

Tulipoahirisha, mmoja wa wazee wa baraza, Mkatoliki aliyekuwa rika la baba yangu, alinisogelea akasema taratibu: "Mama, yule babu umemvua nguo." Nilikasirika. Nilidhani ananifundisha kazi.

Sasa tuulizane, amri ile niliitoa wapi? Katika miaka yangu yote ya kazi sikukuta kifungu kinachosema kofia ivuliwe. Kilichopo ni kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani mtu anayeonyesha dharau kwa maneno au kwa mwenendo mahali shauri linaposikilizwa. Dharau, basi. Sheria haikuorodhesha mavazi ya dharau. Imemwachia aliyekaa kwenye kiti. Na aliyekaa kwenye kiti kabla yetu alikuwa Mwingereza, aliyekulia katika nchi ambayo mwanamume akiingia kanisani anavua kofia, akikutana na bibi njiani anavua, akisimama mbele ya mkubwa wake anavua. Kwake yeye kichwa wazi ndiyo heshima. Ubelgiji waliiandika kabisa: kifungu cha 759 cha sheria yao ya mahakama kilitaka kila anayehudhuria shauri awe kichwa wazi, mwenye adabu, kimya. Sisi hatukuandika, tulirithi tu, kama tulivyorithi joho jeusi kwenye joto la Dar es Salaam.

Pwani mambo ni kinyume chake. Mtu mzima akienda kuposa, akienda mazikoni, akiitwa barazani, anatafuta kofia. Anayetokea kichwa wazi ndiye ataulizwa amekumbwa na nini. Hapa kwetu mlimani tuna yote mawili ndani ya ukoo mmoja. Baba yangu, Mlutheri, alikuwa na kofia ya pama ambayo aliivua mlangoni mwa kanisa na kuipakata magotini mpaka ibada imalizike. Mama yangu, kanisa hilohilo, benchi la upande wa pili, asingethubutu kuingia bila kilemba. Mungu mmoja, ibada moja. Huyu anaheshimu kwa kuvua, huyu kwa kufunga. Na mtoto wao akaenda kuwa hakimu akasahau.

Ugomvi huu wa kofia mahakamani si mpya, na mmoja wa watu wa kwanza kuupigania katika upande wetu wa bahari alipita hapa jirani. Mwaka 1893 kijana wa Kihindi wa miaka 23, Mohandas Gandhi, wakili aliyesomea London, alipanda meli Bombay kwenda Natal, Afrika Kusini, kufanya kazi ya mfanyabiashara mmoja Muislamu aliyeitwa Dada Abdulla. Meli ilitia nanga Lamu, ikaja Mombasa, kisha Zanzibar, ambako alingoja kwa siku nane hadi kumi apate meli nyingine. Hebu fikirini: zaidi ya wiki nzima yuko Zanzibar ya masultani, katikati ya watu ambao kilemba kwao ndicho cheo. Akafika Durban. Siku mbili tatu baadaye tajiri wake akampeleka mahakamani akaone. Hakimu akamkazia macho, akamkazia tena, mwishowe akamwambia avue kilemba. Gandhi akakataa, akatoka nje.

Mkisoma alivyosimulia mwenyewe mtaona kitu ambacho wengi hukiruka. Mahakama ile haikuwa inawavua wote. Mhindi aliyevaa kama Muislamu aliachwa na kilemba chake; Wahindi wengine walitakiwa wavue. Yaani kanuni ilikuwa inapanga watu mafungu. Gandhi akafikiri kidogo, akamwambia Dada Abdulla: basi nitavaa kofia ya Kizungu, yaishe. Mzee yule akamkataza. Ukivaa hivyo, akamwambia, utawaangusha wote wanaong'ang'ania vilemba vyao, na isitoshe utaonekana mhudumu wa hoteli. Gandhi akabaki na kilemba, akaandika gazetini kujitetea, na gazeti moja likamwita mgeni asiyetakiwa.

Mwaka uliofuata, 1894, alikubaliwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Natal. Jaji Mkuu akamwambia: sasa wewe ni mtu wa mahakama, fuata mavazi ya mawakili, vua. Na safari hii akavua. Dada Abdulla hakufurahi. Mimi kwa hili namuunga mkono Gandhi mara zote mbili, na msidhani najipinga. Wakili ameomba mwenyewe kuingia kwenye kazi yenye sare. Shahidi hakuomba. Shahidi ameletewa karatasi na polisi inayosema asipofika atakamatwa, ameacha tofali zake zinakauka juani, halipwi chochote cha maana, anakuja kutusaidia sisi tujue ukweli. Hata hivyo kwa mawakili wa leo ningekuwa mpole kuliko Jaji Mkuu wa Natal. Nigeria, Desemba 2017, binti aitwaye Amasa Firdaus alizuiwa kuapishwa uwakili kwa sababu ya hijabu chini ya wigi. Julai 2018 wakamwapisha na hijabu yake, na mahakama za Nigeria hazijabomoka.

Nimetaja wigi. Majaji wetu huvaa joho jekundu na wigi jeupe kwenye sherehe zao, Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari ikiwa mojawapo. Wigi ni nini? Ni kofia ya nywele za farasi. Kenya waliamua kuyaacha mwaka 2011, enzi za Jaji Mkuu Willy Mutunga, sisi tunayo. Rais Samia amehudhuria Siku ya Sheria Dodoma, kichwani ushungi kama kawaida yake, mbele yake safu za majaji aliowaapisha, vichwani mawigi. Askari wanaolinda wana kofia zao, kwa kuwa askari hapigi saluti kichwa wazi. Katika picha kama hiyo asiye na kitu kichwani ni mpiga picha tu. Halafu kesho yake tumwambie babu wa Kibosho kwamba kofia yake inaivunjia mahakama heshima?

Wapo watakaosema: Mama, hiyo ni dini, na serikali yetu haina dini. Kweli, ibara ya 3 ya Katiba inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inasema wewe na mimi tunazo kwa hiari yetu. Lakini hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, maana watu wasiokaa mahakamani hawalijui jambo hili. Shahidi akipanda kizimbani, kabla hajasema neno moja juu ya kesi, anaulizwa jina, umri, kabila, anaishi wapi, anafanya kazi gani, na dini yake. Dini huulizwa kwa sababu ya Sheria ya Viapo, Sura ya 34, ili ijulikane ataahidije kusema kweli: Mkristo anaapa, asiye Mkristo anathibitisha. Hakimu anaandika kwenye jalada: "Muislamu, anathibitisha." Ushahidi uliotolewa bila kiapo wala uthibitisho, mahali sheria inapovitaka, hauna nguvu, na Mahakama ya Rufani imeshafuta ushahidi wa namna hiyo mara nyingi.

Kwa maneno mengine, mahakama yetu inaazima dini ya shahidi. Inasema: sina mtambo wa kupimia ukweli wako, kwa hiyo niitie yule unayemwogopa. Nilifanya hivyo kwa yule babu. Nilimvua kofia, na dakika hiyohiyo nikamtaka amtaje Mwenyezi Mungu. Dini yake niliitaka ulimini, sikuitaka kichwani.

Sasa niwape haki wanaotaka kofia zote zipigwe marufuku, maana wanayo hoja na si hoja ya kudharau. Hoja yao ni usawa. Kijana wa Pasua, hapa mjini kwetu, akiingia na kapelo anaambiwa vua. Mwenzake akiingia na kofia ya kiua anaachwa. Kijana anajiuliza, kumbe hapa kuna watu na viatu? Na hakimu ataijuaje kofia ya dini na kofia ya baridi? Atampa mtu mtihani wa aya? Wanasema heri wote wavue, asionewe mtu. Nimeshawasikia mahakimu wazuri kabisa, wasio na chuki na mtu, wakisema hivyo.

Bosnia walijaribu njia hiyo. Mwaka 2012 walikuwa na kesi ya shambulio la ubalozi wa Marekani mjini Sarajevo, na mmoja wa mashahidi, Husmet Hamidović, alikataa kuvua kofia yake ndogo ya dini. Wakampiga faini ya pesa zao 10,000, zikapunguzwa hadi 3,000, hakulipa, akafungwa siku 30. Shahidi! Mwizi wa kuku hapa kwetu angeweza kutoka mapema zaidi. Desemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema haki yake ilivunjwa, na nilipenda kitu walichokitazama. Walitazama mwenendo wake mwingine: aliitwa akaja, aliambiwa simama akasimama. Kofia haikuwa dharau. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo ikaikuta Ubelgiji na kosa kwa kumtoa mahakamani mama mmoja, Hagar Lachiri, kwa sababu ya hijabu yake. Alikuwa amekuja kwenye kesi ya kuuawa kwa kaka yake.

Lakini Strasbourg, iliko mahakama hiyo, ni mbali, na swali la kijana wa Pasua bado halijajibiwa. Nina kipimo changu, na sikukipata chuo cha sheria. Muulizeni aliyevaa: ukienda kwa mkwe, hiki unakivaa au unakivua? Kijana wa kapelo atacheka, kwa sababu anajua akimkuta mama mkwe amekaa uani kapelo inashuka kabla ya salamu. Basi na mahakamani ishuke. Baba yangu na pama lake, vilevile. Yule babu wa alfajiri angevaa kofia yake iliyo safi kuliko zote. Mama wa kilemba angekikaza. Kalasinga angekuja na kilemba kilichopigwa pasi. Sista wa Huruma angekuja na shela yake, na ningependa kumwona hakimu wa Kilimanjaro mwenye ujasiri wa kumwambia sista avue shela. Nadhani hapo ndipo tungejua kwamba sheria ya "wote wavue" ilikuwa inawafikiria watu fulani tu. Kila mmoja anapimwa kwa adabu yake mwenyewe, kipimo ni kimoja, na hakuna mtihani wa aya.

Kipimo hiki kina matundu. Kijana Mrasta mwenye kofia yake ya sufu atakuwa na jibu gumu kidogo, lakini Kenya walishasema, hukumu ya Jaji Chacha Mwita ya Septemba 2019 katika kesi ya binti wa shule mwenye rasta, kwamba Urastafari ni dini kama nyingine, naye aachwe. Mama anayetoka matibabu ya saratani pale hospitali ya KCMC, nywele zimekwisha, amejifunga kitenge, huyo asiulizwe swali lolote, la mkwe wala la nani. Mjane mwenye kitambaa cha msiba, hivyohivyo.

Nikabu ni jambo jingine, na nitalisema bila kuzunguka. Hapo tumetoka kichwani tumefika usoni. Ikibidi kujua kama aliyesimama ndiye aliyeitwa, uso uonekane, na karani wa kike chumbani anatosha kwa kazi hiyo. Wakati wa ushahidi wenyewe mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mtu anayeweza kwenda jela anayo haki ya kumwona anayemtia hatiani. London mwaka 2013 Jaji Peter Murphy alimruhusu mshitakiwa kukaa na nikabu yake kesi nzima, isipokuwa anapotoa ushahidi, na hata hapo asionekane na umati. Kanada, Mahakama ya Juu mwaka 2012, katika shauri la mwanamke aliyedai kuharibiwa utotoni na ndugu zake, ilisema kila shauri litazamwe peke yake: kama ushahidi haubishaniwi, mwache, kama kesi yote imesimama juu ya kumwamini au kutomwamini, pengine avue, baada ya kutafuta kila njia ya kumsitiri. Naona ni njia ya busara, hata kama inawachosha wanaopenda kanuni fupi. Sisi tuna pazia, tuna uwezo wa kusikiliza faragha, na mahakimu wanawake hatukosi.

Ila mniruhusu mashaka kidogo. Hoja yote ya uso inategemea kwamba hakimu akiuona anasoma kitu. Sheria zetu zinamruhusu kuandika alivyomwona shahidi, na mahakama za rufaa humheshimu aliyemwona kwa macho. Mimi yule babu nilimwona uso wote, kichwa chote, hadi kovu dogo juu ya sikio. Nilichosoma kilikuwa aibu niliyompa mwenyewe nusu saa kabla, nikaiita wasiwasi.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote, si za mwanzo peke yake. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Mtu anasikia kesi yake mwenyewe kwa lugha yake. Adabu, hata hivyo, hatujaitafsiri. Tunamhukumu mtu kwa Kiswahili kuhusu dharau ya Kiingereza. Waraka mmoja wa Mahakama, wa ukurasa mmoja, ungetosha kuwaambia mahakimu na makarani wa milangoni kwamba kitambaa au kofia ya dini haiguswi, uso ukihitajika kuonekana taratibu ni hizi. Makarani hasa, ninyi mnaokwenda mahakamani mnajua kwamba anayekuvua kofia mara nyingi si hakimu, ni mtu wa mlangoni.

Jirani yangu anakwenda Jumatatu. Jibu langu la upesi lilikuwa kwamba avue tu, asijitafutie matatizo. Kesho yake asubuhi nilimfuata kwake nikamwambia avae, tena ile nzuri ya Idi. Akiambiwa avue, aseme kwa upole kwamba ni ya ibada, na aombe jibu lake liandikwe kwenye jalada. Akaniuliza, "Na wakikasirika?" Nikamwambia nitakuwepo, nitakaa benchi la nyuma, na nitajifunga kitambaa.

Kuhusu mbuzi wale wawili: mshitakiwa nilimwachia huru. Hukumu yangu ilisema upande wa mashitaka ulitegemea shahidi mmoja ambaye mwenendo wake kizimbani haukuaminisha. Mwenye mbuzi alikuwa mama mjane, hakukata rufaa. Mzee alipotoka alikwenda mpaka chini ya mti wa mwarobaini nje ya uzio, akatoa kofia mfukoni, akaikung'uta, akaivaa, akanyoosha mgongo. Nilimwona dirishani. Alikuwa anawasimulia watu waliomzunguka habari za alfajiri ile, mkono ukionyesha njia mbuzi walikopita, na wote walikuwa wamemtazama usoni.